Istilahi za Vihisi na Hitilafu Zake Katika Mitambo Ijiendeshayo

1. Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mbele ya wanaistilahi, yaliyo magumu zaidi si yale yanayohusu vitu visivyo na majina. Kitu kisicho na jina hupewa jina, na watu wakiridhika nalo hulitumia. Magumu zaidi ni maswali yanayohusu hali, yaani hali mbili au tatu zilizo tofauti, ambazo lugha ya kila siku huzitaja kwa neno moja tu. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hilo halina madhara. Kiwandani lina madhara, kwa sababu fundi hutenda kwa kufuata neno aliloambiwa.

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi za vihisi katika mitambo ijiendeshayo, hasa ile ya kuunganishia, kujazia na kufungashia bidhaa, pamoja na njia ya kutafuta hitilafu zake. Tumewakusudia watafsiri wa vitabu vya maelekezo ya mitambo, walimu wa ufundi, na watumishi wa Serikali waandikao kanuni na taarifa za usalama kazini. Hoja yetu ni moja: mtambo uliotulia si lazima uwe umezimwa, na kihisi kilichonyamaza si lazima kiwe kimesema “hakuna kitu”. Lugha isiyotenganisha mambo hayo humpotosha fundi, na wakati mwingine humjeruhi.

2. Kazi ya kihisi

Mtambo ujiendeshao una sehemu tatu ambazo yafaa mwalimu azitenganishe tangu siku ya kwanza. Sehemu ya kwanza ni kihisi, ambacho hupokea habari: chupa imefika, kifuniko hakipo, joto limezidi. Ya pili ni kidhibiti, ambacho hupokea ishara za vihisi na kuamua la kufanya kwa mujibu wa mpango uliowekwa ndani yake. Ya tatu ni kitendaji, yaani mota, vali au silinda ya hewa ifanyayo kazi yenyewe.

Vidhibiti vya siku hizi vina historia fupi. Hadi miaka ya 1960, viwanda vikubwa vya magari vilitumia makabati yaliyojaa rilei, na kila muundo wa gari ulipobadilika nyaya zake zilipaswa kuungwa upya. Mwaka 1968 tawi la kampuni ya General Motors ya Marekani lililotengeneza giaboksi lilitaka chombo cha kuondoa usumbufu huo, na mwaka 1969 likapata kidhibiti kilichoitwa Modicon 084, kazi ya Dick Morley na wenzake. Kihisi cha sumakuumeme kitambuacho chuma bila kukigusa kilikuwa kimekwisha kupatikana huko Ujerumani mwaka 1958, kutoka kwa kampuni ya Pepperl+Fuchs. Vitu hivi viwili vilipokutana, mtambo ukaweza kujiendesha kwa kufuata ishara na si kwa kusukumwa na mkono.

Mfugaji yeyote anaweza kueleweshwa kazi ya kihisi kwa mfano wa josho. Ng’ombe hupita mmoja mmoja katika njia nyembamba, na kijana amesimama kando akihesabu. Kijana huyo ndiye kihisi. Hana amri juu ya ng’ombe, kazi yake ni kusema “huyu hapa”. Mwenye daftari ndiye kidhibiti, na afungaye lango ndiye kitendaji. Ng’ombe wawili wakibanana na kupita pamoja, kijana huhesabu mmoja. Hapo kijana si mgonjwa, wala daftari halina kosa. Ni nafasi kati ya ng’ombe iliyokosekana. Katika mkanda wa chupa hali ni hiyo hiyo: chupa zikigusana, kihisi kizima kabisa hutoa hesabu pungufu. Mfano huu una faida kubwa, kwani humfundisha mwanafunzi kwamba habari potofu haitokani na mtoa habari peke yake.

3. Neno lenyewe: sensa, kitambuzi au kihisi?

Katika kukusanya maneno haya tuliwasikiliza mafundi wa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Msomaji aweza kuuliza kwa nini tulikwenda Mugumu, mji usio na viwanda vikubwa. Sababu ni mbili. Kwanza, vijana wa sehemu hizo huenda kufanya kazi viwandani na migodini, nao hurudi na maneno ya huko. Katika wilaya jirani ya Tarime, huko Nyamongo, upo mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Na katika migodi mikubwa mikanda ya kubebea mawe hulindwa kwa vihisi vya mwendo na vya mkanda kwenda upande. Pili, kihisi hakikai kiwandani tu. Boya lililomo ndani ya tangi la maji, ambalo maji yakijaa huinuka na kukata umeme wa pampu, ni kihisi, na fundi wa mji mdogo hulirekebisha mara kwa mara.

Yafaa pia tukiri kwamba katika Afrika ya Mashariki mitambo ya aina hii haikuenea sawasawa. Viwanda vya kuunganisha magari, kama vile Associated Vehicle Assemblers cha Mombasa na Isuzu East Africa cha Nairobi, ambacho hadi mwaka 2017 kiliitwa General Motors East Africa, bado hutegemea sana mikono ya watu. Mitambo ijiendeshayo huonekana zaidi katika viwanda vya kujaza na kufungasha vinywaji, sigara, sabuni na vyakula. Kwa hiyo mifano yetu mingi ni ya mkanda na chupa.

Mafundi wengi tuliowasikiliza husema sensa. Neno hili limetoholewa vizuri, na kwa kawaida tusingekuwa na sababu ya kulikataa. Lakini nafasi yake imekwisha kuchukuliwa. Sensa kwa Mtanzania ni hesabu ya watu, na Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilililifikisha neno hilo katika kila nyumba. Mtumishi wa wilaya akipokea barua isemayo “fedha za matengenezo ya sensa”, ana haki ya kushangaa.

Neno la pili ni kitambuzi. Linapendeza, na limejengwa kwa kanuni. Kasoro yake ni kwamba kutambua ni zaidi ya kuhisi. Mtu huhisi kitu kimemgusa gizani kabla hajatambua ni nini. Kihisi cha mkandani hakijui kama kilicho mbele yake ni chupa au ni kiganja cha mtu. Kinajua tu kwamba mwale umekatika. Kutambua, kama kupo, ni kazi ya kidhibiti. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kihisi, wingi vihisi. Limetokana na kitenzi tunachokitumia sote, na linamwonya fundi asikidhanie chombo hicho kuwa na akili.

Aina zake zatosha kutajwa kwa maelezo. Kihisi mwanga hutumia mwale. Wakati mwingine mwale hutoka upande mmoja na kupokewa upande wa pili, na wakati mwingine hurudishwa na kiakisi. Kihisi metali hutambua metali tu, kwa umbali wa milimita chache. Na kikiwa kimepimwa kwa chuma, umbali wake hupungua kinapowekewa alumini au shaba. Kihisi cha uwezo wa chaji huhisi pia vitu visivyo metali, kama nafaka au maji yaliyomo katika chombo cha plastiki. Mwisho ni kihisi mguso, ambacho ni swichi isukumwayo na kitu kinapofika.

4. Ukimya si sifuri

Sasa tufike kwenye kiini cha makala. Mlinzi wa usiku aliyeagizwa kupuliza filimbi pale tu amwonapo mwizi hutupa usiku wenye utulivu, lakini utulivu huo hauna maana moja. Huenda mwizi hayupo; huenda mlinzi amelala. Mlinzi aliyeagizwa kupuliza filimbi kila saa kwa kusema “shwari” hutupa jambo tofauti: akinyamaza tu, twajua kuna lililompata.

Mafundi wa vipimo waliligundua jambo hili zamani. Kihisi kipimacho, kama vile cha kina, joto au kanieneo, aghalabu hupeleka kipimo chake kwa mkondo wa umeme kati ya miliampea 4 na miliampea 20. Tangi likiwa tupu, mkondo huwa 4. Likiwa nusu, huwa 12. Likijaa, huwa 20. Kwa nini wasianzie 0? Kwa sababu waya ukikatika mkondo ni 0, na kama 0 ingekuwa na maana ya tangi tupu, kidhibiti kingedhani maji yamekwisha na kuwasha pampu hadi tangi lifurike. Kwa mpango huu, 4 ni kusema “hakuna kitu”, na 0 ni kutosema lolote.

Tunapendekeza kiwango kile cha miliampea 4 kiitwe sifuri hai, na kukosekana kwa mkondo kuitwe ukimya. Mtafsiri aandikapo “kihisi kinasoma sifuri” bila kueleza ni sifuri ipi amemwacha fundi njia panda.

Hekima hiyo hiyo imo katika swichi za usalama. Swichi ya dharura huundwa kwa mguso fumbe, yaani mguso ambao wakati wa kawaida umeshikana na umeme unapita. Kuibonyeza ni kuutenganisha mguso, na waya ukikatika matokeo ni yale yale: mtambo husimama. Kama ingeundwa kwa mguso wazi, ambao umeme hupita pale tu swichi inapobonyezwa, waya ungeweza kukatika mwezi mzima pasipo mtu kujua, hadi siku ya hatari. Kwa hiyo mguso fumbe na mguso wazi si maneno ya kupokezana kwa ajili ya kupamba maandishi.

5. Majina ya hitilafu

Neno tulilolisikia mara nyingi zaidi ni “imekufa”. Kihisi kikikosea kwa namna yoyote, huambiwa kimekufa. Matokeo yake ni kununua kipuri kipya na kukifunga mahali pa kile cha zamani, na hitilafu kuendelea kama jana, maana kihisi hakikuwa na ubovu wowote. Tunapendekeza hali zifuatazo zitengwe kwa majina:

(a) Kutoona: kitu kipo mbele ya kihisi, lakini kihisi hakitoi ishara. Sababu za kawaida ni lenzi yenye vumbi, kiakisi kilichopinda, au kitu kupita mbali mno.

(b) Uzushi: hakuna kitu, lakini ishara ipo. Chupa inayong’aa yaweza kurudisha mwale kana kwamba ni kiakisi; unyevu au chembe za chuma zilizonata husababisha hali hiyo.

(c) Mgando: ishara haibadiliki, kitu kiwepo kisiwepo. Neno hili halihitaji maelezo kwa yeyote anywaye maziwa mgando: kilichopaswa kutiririka kimeshikana.

(d) Kusitasita: ishara huja na kupotea bila utaratibu. Aghalabu ni plagi iliyolegea, au waya uliochoka kwa kukunjwa na mkono wa mtambo kila unapokwenda na kurudi.

(e) Mchepuko: kipimo huachana na ukweli kidogo kidogo, siku baada ya siku. Hitilafu hii ni ya vihisi vipimavyo, na ni ya hatari kwa kuwa haina kelele.

(f) Ukimya: hakuna umeme wala ishara yoyote itokayo kwenye kihisi.

Aidha, tutofautishe hitilafu, kasoro na kosa. Hitilafu ni kuacha kufanya kazi ipasavyo kwa kitu kilichokuwa kizima. Kasoro ni upungufu uliokuwapo tangu kuundwa au kufungwa kwake. Kosa ni la mtu. Taarifa ya ajali inayoandika “kosa la mtambo” yaweza kumwonea mtu au kumwokoa isivyo haki, kwa neno moja tu.

6. Njia ya kutafuta hitilafu

Majina haya yana manufaa pale yanapofuata mpango wa kazi. Fundi hodari haanzi na kihisi. Huanza kwa kuuliza: mtambo unangoja nini? Kidhibiti husubiri ishara fulani kabla ya kuendelea, na kuijua ishara hiyo ni nusu ya kazi. Kisha hulinganisha vitu vitatu: kitu chenyewe mkandani, taa ndogo iliyo juu ya kihisi, na taa ya ingizo iliyo kwenye kidhibiti.

Kitu kikiwapo na taa ya kihisi ikiwa haiwaki, hitilafu iko kwenye kihisi au mbele yake: vumbi, umbali, mpangilio, au umeme wa kukilisha. Hapo mita hutumika. Katika vihisi vingi vya nyaya tatu, waya wa kahawia huleta umeme chanya, ambao mara nyingi ni volti 24, wa bluu ni hasi, na mweusi hupeleka ishara. Taa ya kihisi ikiwaka lakini taa ya ingizo isiwake, hitilafu iko njiani, yaani kwenye waya, plagi au ingizo lenyewe. Taa zote mbili zikiwaka ipasavyo na mtambo bado umetulia, kihisi kimekwisha kutimiza wajibu wake. Fundi na atazame mbele, kwenye mpango wa kidhibiti, taa ya tokeo, vali, hewa au mota.

Tumetumia ingizo na tokeo kwa ishara ziingiazo na zitokazo kwenye kidhibiti. Wengine wamependekeza pembejeo badala ya ingizo. Pembejeo limekwisha kukaa shambani pamoja na mbegu na mbolea, na mkulima wa pamba wa Serengeti hatanufaika tukimwondolea.

7. Kutulia, kusubiri, kuzimwa, kutengwa

Tumeliacha neno la hatari zaidi hadi mwisho. Mtambo usiokwenda watu husema “umesimama” au “umezima”. Lakini fikiria mtambo ambao umetulia kwa sababu vumbi limeziba lenzi ya kihisi. Mota ina umeme, silinda ina hewa iliyoshindiliwa, na kidhibiti kinangoja ishara moja tu. Mtu anapeleka mkono na kitambaa, anafuta lenzi. Wakati huo huo ishara inafika, na mtambo unaendelea na kazi yake, mkono ukiwa ndani. Hakuna aliyeuwasha; ulikuwa haujazimwa.

Kwa hiyo tunapendekeza hali nne. Mtambo unasubiri, endapo una nguvu zote na unangoja ishara. Umekwama, endapo kitu kimezuia mwendo wake ilhali nguvu bado zipo. Umezimwa, endapo swichi yake imefungwa, lakini mtu mwingine aweza kuiwasha. Umetengwa, endapo umeme umekatwa kwenye chanzo, hewa imetolewa, swichi imetiwa kufuli, na kibao cha onyo kimetundikwa, ufunguo ukiwa mfukoni mwa fundi mwenyewe. Ni katika hali hii ya nne peke yake mkono huruhusiwa kuingia.

Tuchukue sentensi ya kitabu cha maelekezo: “Mtambo ukisimama, futa lenzi ya kihisi.” Kiswahili chake ni safi, na haina budi kukataliwa. Iwe hivi: “Mtambo ukiwa unasubiri, utenge kwanza, kisha futa lenzi ya kihisi.” Maneno yaliyoongezeka hayazidi manne.

Kadhalika lipo zoea la kuunga waya moja kwa moja ili kuuruka mguso wa mlango wa usalama, kusudi kazi isichelewe. Mafundi hulitaja kwa wepesi kama ufundi. Tunapendekeza liitwe kukwepesha kinga, ili ripoti ya mkaguzi iseme wazi kilichotendeka. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, waandishi wa ripoti hizo wana wajibu wa kuandika kwa maneno ambayo mfanyakazi, mwajiri na hakimu watayaelewa sawasawa.

8. Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuiwezesha lugha ya taifa kubeba mambo ya kitaalamu. Huko nyuma lugha yetu imekwisha kuonyesha kwamba haiogopi kukopa, ndiyo maana tuna ngeli kutoka Kihaya na ikulu kutoka Kinyamwezi. Katika uwanja huu wa vihisi, hata hivyo, tumeona kwamba haja ya kukopa ni ndogo. Kusubiri, kukwama, kuzimwa, kutengwa, ukimya, mgando, uzushi: yote tulikuwa nayo nyumbani. Kilichokosekana ni makubaliano ya kutolitumia moja mahali pa jingine.

Tunawaomba walimu wayajaribu maneno haya katika karakana zao na watafsiri wayapime katika vitabu walivyo navyo mezani, kisha watuarifu ni yapi yaliyokataa kukaa vinywani mwa mafundi, na mafundi wameweka lipi badala yake. Hasa twataka kusikia juu ya neno kutenga. Kwa kuwa istilahi nyingine zikichelewa kuenea hasara yake ni vipuri, lakini hiyo ikichelewa, hasara ni vidole vya watu.